Mifupa ya Askofu kwa Nabongo

Shuleni, Nabongo Mumia alichukua vipindi viwili tu. Mwalimu aliandika ubaoni sababu za Wawanga kushirikiana na Waingereza, tukanakili tano, tukanakili matokeo matano, kisha tukahamia kwa Lenana na Wamaasai. Hakuna aliyetuambia kwamba kwa muda fulani mifupa ya askofu wa Kianglikana ilizikwa Mumias, kwenye himaya ya Nabongo, katika mji ambao wageni wake wakubwa walikuwa Waislamu kutoka Pwani. Hilo nililipata mwenyewe baada ya kuacha chuo mwaka wa pili, wakati nilikuwa na muda mwingi, pesa kidogo, na maktaba ndiyo mahali pekee ningeweza kukaa kutwa bila kulazimika kununua chai.

Askofu mwenyewe ni James Hannington. Mwaka 1885 aliamua kwenda Buganda kwa njia ya mkato, kupitia Umasaini, badala ya ile ya kuzunguka kusini mwa Ziwa. Oktoba akafika mji ambao wasafiri waliuita Kwa Sundu, wakimaanisha Shiundu, babake Mumia, aliyekuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Hapo aliacha sehemu kubwa ya msafara wake chini ya William Jones, mchungaji Mwafrika aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa India. Yeye akaendelea mbele na watu kama 50. Tarehe 29 Oktoba akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, ambaye aliogopa wageni wanaoingilia upande wa mashariki. Watu wachache walionusurika walirudi Mumias wakamkuta Jones bado anangoja. Jones akakaa wiki kadhaa akitumaini habari ni za uongo, kisha akaanza safari ndefu ya kurudi Rabai bila askofu.

Baadaye mabaki ya Hannington yaliletwa Mumias yakazikwa huko. Mwishoni mwa 1892 Askofu Alfred Tucker alipita, akayafukua, akayabeba hadi Kampala, na yakazikwa upya Namirembe siku ya mwisho ya mwaka huo. Kwa hivyo aliyeuawa kwa amri ya mfalme mmoja alipata kaburi lake la kwanza la heshima kwa mfalme mwingine. Na mji wa huyu wa pili haukuwa wa Wakristo.

Ulikuwa mji wa aina gani? Wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walikuwa wameanza kufika tangu enzi za Shiundu. Walileta nguo, shanga na bunduki, wakaondoka na pembe za ndovu, na wakati mwingine na watu. Tusiipambe hiyo biashara. Lakini wengine walikaa, wakaoa, wakazaa, na kijiji cha mfalme kikawa na watu wanaovaa kanzu na kufunga Ramadhani kabla mmisionari yeyote hajajenga nyumba pale. Mumia mwenyewe alisilimu. Wengi wa nyumba yake wakamfuata, wengine hawakumfuata, na sijaona mahali popote palipoandikwa kwamba aliwalazimisha. Leo ukishuka steji ya Mumias alfajiri, adhana inakupata kabla ya makanga hajakurudishia chenji.

Sasa linganisha na Buganda, ambayo leo ni safari ya nusu siku kwa basi kupitia Busia. Miaka ya 1870 Kabaka Mutesa aliwaua vijana Waislamu waliokataa kumweka yeye juu ya dini yao. Miaka ya 1880 mwanawe Mwanga akawachoma vijana Wakristo kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 1888 Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti waliungana kumng'oa Mwanga, na baada ya wiki chache Waislamu wakawafukuza Wakristo mjini. Wakristo wakarudi na jeshi. Walipomaliza Waislamu, wakageukiana wao kwa wao: Januari 1892, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana Mengo, na Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza akawapa Waprotestanti bunduki. Mwisho wa mwaka uleule, Tucker alikuwa anabeba mifupa ya Hannington kutoka mji ambao haukuwa umepigania dini hata siku moja.

Nimelifikiria hili kwa muda. Jibu rahisi, lile la hotuba za wanasiasa wanaokuja Mumias kwenye Baraza la Idd, ni kwamba Wawanga ni watu wa amani. Wanasiasa husema hivyo kila mahali wanapokula. Mimi sioni kama ni tabia ya damu. Naona ni suala la kiti. Buganda, dini iligeuka chama: ukiwa Mprotestanti unapata ukubwa huu, ukiwa Mkatoliki unapata ule, ukiwa upande ulioshindwa unakimbia. Mumias, kiti cha Nabongo kilipitia ukoo. Hakuna sala iliyokuongezea hatua moja kukikaribia. Mgeni alikuja na Mungu wake kama alivyokuja na mzigo wake, na alichoulizwa ni kama ana faida kwa mwenyeji.

Na faida hiyo ilikuwa na bei, ililipwa na wengine. Nina marafiki Wabukusu ambao nikianza kusifu ukarimu wa Mumias wananiangalia tu hadi ninyamaze. Mwaka 1895 C. W. Hobley alifika Mumias kuweka utawala wa Waingereza. Mwaka huohuo, msafara wa kivita ukawavamia Wabukusu kwenye ngome zao za Lumboka na Chetambe. Ndani yake walikuwamo maafisa Waingereza, askari Wasudani waliokuwa Waislamu, na mashujaa wa washirika wao, Wawanga wakiwamo. Ukitaka picha ya Waislamu na Wakristo wakifanya kazi pamoja bila mzozo, hiyo hapo, na Chetambe ilijaa maiti. Baadaye Mumia akapandishwa kuwa chifu mkuu mwaka 1909, na ndugu zake wa kambo, Murunga na Mulama, wakapewa kutawala watu ambao hawakuwahi kuwachagua. Kwa hiyo maelewano ya ndani ya mji yalisimama juu ya ukali wa nje ya mji. Sisemi yalikuwa ya uongo. Nasema yalikuwa na gharama, na risiti iko Bungoma.

Mapadri wa Mill Hill walifika Mumias mwaka 1904. Walijenga kanisa, na misheni ikapata hospitali ya Mtakatifu Maria, ambayo mpaka leo ndiko wagonjwa wa pande zote wanapokimbizwa, wa msalaba na wa mwezi. Mtawala aliyekuwa amesilimu aliishi na misheni ya Wakatoliki kwenye himaya yake kwa zaidi ya miaka 40, mpaka alipofariki 1949. Mjukuu wake aliyerithi kiti mwaka 1974 anaitwa Nabongo Peter Mumia wa Pili. Peter na Mumia kwenye jina moja: sijui kama kuna muhtasari bora wa mji huu.

Lakini pamoja na kanisa ilikuja shule, na hapa ndipo historia inapoanza kuniuma.

Serikali ya kikoloni haikutaka kutumia pesa nyingi kusomesha Waafrika, kwa hivyo kazi hiyo iliachiwa misheni: Wakweka Kaimosi tangu 1902, Waanglikana Maseno tangu 1906, Wakatoliki Mumias na Mukumu. Kusoma na kubatizwa vilikwenda pamoja kama ugali na mboga. Mzazi Mwislamu alikuwa na njia mbili. Ya kwanza, mtoto abaki madrasa, ajue Kurani, akose ukarani, ualimu na udaktari. Ya pili, ampeleke misheni, na akubali kwamba huenda arudi na jina lingine. Kote Kenya, Pwani hadi Magharibi, wengi walichagua ya kwanza, na pengo la elimu lililotokea halijazibika mpaka leo. Mji ulioanza kushughulika na dunia mapema kuliko majirani wake wote wa Magharibi ukajikuta nyuma ya vijiji vilivyokuwa vichaka wakati wa Hannington. Na ofisi za serikali nazo zikahamishiwa Kakamega kufikia 1920.

Kukhu yangu, mama mzaa mama, alipelekwa misheni. Babake alikuwa maalimu. Waliomwandikisha walimpa jina la mtakatifu, na lilipokuja suala la kitambulisho, jina lililokuwa kwenye vyeti ndilo lililoandikwa. Ameswali swala tano maisha yake yote akiwa na jina ambalo haitikii ukimwita. Nilipomuuliza kama alikasirika, alisema hapana, alitaka kusoma. Kisha akaongeza kwamba babake hakumla chakula mkononi kwa muda mrefu. Aliyasema yote mawili kwa sauti ileile.

Hakukuwa na maandamano wala jiwe lililorushwa. Kutovumiliana kwa Mumias kuliingia kupitia kitabu cha kuandikisha wanafunzi, kwa mwandiko mzuri, na ndiyo maana hakuna anayekikumbuka kama ugomvi.

Upande wa nyumbani, watu walijitengenezea utaratibu wao wenyewe. Mfano wa kuku. Sisi Waluhya kuku si mboga, ni salamu. Mgeni asipochinjiwa hajapokelewa. Sasa nyumba yenye Wakatoliki na Waislamu itafanyaje? Jibu ni kwamba kisu anashika Mwislamu, kila mara, hata kama mwenye boma ni katekista. Kwa njia hiyo sufuria ni moja na hakuna mtu anayekaa pembeni na mkate mkavu. Nimeona katekista akituma mtoto na pikipiki kumtafuta jirani wa kuchinja wakati maji yameshachemka, na wageni wamekaa tu wananusa kitunguu. Hakuna padri wala imamu aliyetunga sheria hiyo. Nadhani ilitungwa na wanawake waliochoka kupika mara mbili.

Matanga ndiyo kazi ngumu zaidi. Mwislamu huzikwa haraka, ikiwezekana siku hiyohiyo, kwa sanda. Mluhya wa kawaida anataka mwili ulale nyumbani, watu wakeshe, hotuba zitolewe, binamu wa Nairobi asubiriwe hata kama gari lake limekwama Timboroa. Mjomba wa mama alipofariki, nusu ya ukoo ilitaka azikwe kabla ya machweo na nusu ilitaka Jumamosi. Walibishana hadi saa kumi alasiri, kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alizikwa siku ileile, kwa sanda, na matanga yakafanywa Jumamosi mbele ya kaburi ambalo lilikuwa limeshaanza kukauka. Wakatoliki waliimba. Waislamu waliketi kwenye viti vya plastiki, hawakuimba, hawakuondoka. Wapo wajomba wawili ambao hawajasameheana mpaka leo.

Hayo ndiyo maelewano ninayoyajua. Yana kelele, yana watu walionuna, lakini kila upande una sauti. Shuleni haiko hivyo, na sheria imekuwa ikizunguka jambo hilo kwa miaka mingi. Mwaka 1968 serikali ilichukua shule kutoka mikononi mwa makanisa na kuyaachia cheo cha ufadhili. Katiba ya 2010 ikasema hakuna dini ya taifa, na kila mtu ana uhuru wa kuabudu, ingawa kabla ya kura viongozi wengi wa makanisa waliipinga, mojawapo ya sababu ikiwa Mahakama za Kadhi. Sheria ya elimu ya 2013 inamruhusu mfadhili kusimamia mambo ya kiroho, mradi alinde imani ya wasio wa dini yake. Kwenye karatasi, kukhu yangu angesoma leo na jina lake.

Kesi iliyojaribu maneno hayo ilitoka Isiolo, shule ya St. Paul's Kiwanjani, iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodist. Mwaka 2014 liliibuka suala la wasichana Waislamu kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Kanisa likaenda mahakamani. Mahakama Kuu ikalipa kanisa ushindi 2015. Mahakama ya Rufani ikageuza uamuzi huo Septemba 2016: wasichana wavae. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi wa Rufani, na sababu kubwa haikuwa dini hata kidogo. Walio wengi kati ya majaji walisema ombi la upande wa hijabu halikuletwa mahakamani kwa utaratibu unaofaa. Anayetaka aanze upya. Miaka mitano ya kesi, na swali likarudishwa kwenye meza ya bodi ya shule, pale lilipoanzia.

Kwa hivyo kila bodi inajiamulia. Kuna shule za kanisa ambako mwalimu mkuu anaruhusu mtandio mweupe na hakuna anayegeuza kichwa, na kuna nyingine ambako mtandio ni utovu wa nidhamu kama nywele za kubandika. Binamu yangu yuko kidato cha tatu katika shule ya aina ya pili, si mbali na Mumias. Anashuka kwenye boda hatua chache kabla ya geti, anauvua mtandio, anaukunja mara nne, anautia kwenye mfuko wa pembeni wa begi pamoja na seti ya hesabu. Jioni mwenye boda, ambaye ni Msabato, anamshikia vitabu huku akiuvaa tena.