Ukuta Mweupe na Ukuta Uliokolea: Kutoka Baraza la Ujiji Hadi Sebule ya Mwanga

Ukimwita fundi rangi hapa Mwanga, Kigoma, swali linakuja mapema: sebule tuipige rangi nyeupe-nyeupe au iliyokolea? Wengi hudhani ni suala la fasheni. Mimi naona ni suala la historia. Rangi ya ndani hufuata mahali watu wanapokaa.

Tuanzie Ujiji. Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, walikaa barazani kuzungumza, watu wakiwatazama. Nyumba ya tembe ilikuwa na kuta nene za udongo na nafasi ndogo ya kupitisha mwanga. Ndani palikuwa pa kulala na kuweka mali; wageni na biashara vilikuwa vya nje. Giza lile halikuwa kasoro, lilikuwa na kazi yake. Halafu mwaka 1878 Stanley huyohuyo akatoa kitabu, akakiita Through the Dark Continent. Jamani, giza la chumba na giza la bara ni vitu viwili!

Pwani mambo yalikuwa mengine. Lamu, urefu wa boriti za mikoko ulifanya vyumba viwe vyembamba, na mwanga uliingia kupitia ua wa ndani. Maisha, hasa ya wanawake, yalikuwa humo humo. Basi kuta zikapigwa chokaa ya matumbawe, zikatiwa vidaka, na ule mwanga kidogo ukafika mpaka chumba cha nyuma. Ujiji haina matumbawe. Na mpagazi wa Bagamoyo alibeba vitambaa na shanga. Nani angemlipa abebe chokaa kwa miezi?

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na mizigo mizito kama saruji na mabati ikapata njia. Baadaye yakaja madirisha ya vioo, makochi, televisheni. Baraza likahamia sebuleni, na sebule ikataka weupe. Kwa koroboi, ukuta mweupe hurudisha mwanga, uliokolea huumeza. Kwa mji ulioishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, hilo si dogo.

Ila weupe hausitiri vumbi jekundu wala mikono ya watoto. Ndiyo maana shule na zahanati nyingi zina rangi ya mafuta iliyokolea chini, inayofutika, na krimu juu.

Siku hizi kijivu kizito kinarudi, nyuma ya televisheni. Sawa. Ila kabla hujanunua kopo, jiulize: jioni, umeme ukikatika, nyumba yako inakaa wapi? Kama ni barazani, chumba na kikolee tu.