Soga za Karatu: kutoka pombe ya mtama hadi kadi za salamu

Huku chuoni bumu halijatoka, kwa hiyo tunashiba stori tu, hehe. Sasa jana jamaa mmoja wa chumba cha jirani akatuambia eti soga ni kupoteza muda, historia ni vita, mikataba na marais. Mimi nasomea ualimu, somo langu ni historia, na kwetu ni Ganako, Karatu. Nikaona nimjibu hapahapa.

Tuanze na wazee. Wairaqw walitoka Mama Isara, kule kwenye milima ya Mbulu, na katika karne ya 20 wakasambaa kaskazini mpaka huku Karatu. Nyumba zao hazikubanana, kila kaya na shamba lake. Ukitaka kujua jirani kaamkaje, unatembea. Na mahali pa kukaa pamoja palikuwa penye pombe ya mtama. Hapo zinapigwa soga za ng'ombe, mvua, na mtoto wa nani kaoa wapi. Kisha mzee anaanza slufay, ile dua ndefu yenye maneno ya kishairi, na waliokaa wanamwitikia. Yaani huwezi kuchora mstari ukasema hapa soga imeisha, hapa ibada imeanza.

Ila si kila mtu aliruhusiwa kukaa pale. Kulikuwa na kitu kinaitwa metimani. Nyumba ikipatwa na jambo linalohesabiwa kuwa unajisi, kwa mfano kifo, au binti kupata mimba kabla ya kuolewa, wahusika walitengwa. Hawaendi kwa watu, hawanywi chombo kimoja na wengine. Adhabu yenyewe ndiyo hiyo jamani, kunyimwa soga! Fikiria binti wa miaka 17 hana wa kumuuliza umelalaje. Sasa mtu aniambie soga ni kitu kidogo.

Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, watu wakasogezwa karibu kwa amri. Hiyo nitaiandikia siku yake. Mnada wa Karatu wa kila tarehe 7 nao mnaujua: unakwenda kuuza mbuzi mmoja, unarudi na nyama choma tumboni na habari za nusu ya wilaya. Pale Mwiraqw, Mbarbaig na Mmasai wanaonana, na lugha ya kuulizana hali ni Kiswahili.

Halafu redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD yetu. Wakubwa wanakumbuka kadi za salamu. Unanunua kadi, unajaza jina lako na mahali ulipo, unaorodhesha unaowasalimia, unamalizia na ujumbe, mara nyingi methali au kichekesho. Unaituma kwa posta. Mpaka isomwe, pengine hata ulichotaka kusema umeshakisahau. Lakini aliye mbali akisikia jina lako anajua kitu kimoja kikubwa: ulipoandika, ulikuwa mzima.

Na hapo ndipo namjibu yule jamaa. Redio hiyohiyo ilikuwa na matangazo ya vifo. Wakati nyumba nyingi hazina simu, kuna watu walijua wamefiwa kwa kusikia jina la ndugu yao redioni, labda wanachambua mboga. Kwa hiyo jina likitajwa kwenye salamu watu walipumua. Watoto waliona ni burudani, wazazi walikuwa wanahesabu nani bado yupo.

Simu za mkononi zilianza nchini mwaka 1994 na Mobitel, Vodacom ikafuata mwaka 2000, kadi zikaanza kupungua. Sasa "mambo?" na "poa" zinakwenda kwa sekunde. Siwalaumu vijana, mimi mwenyewe ndivyo ninavyoandika. Ila "poa" inaficha mengi. Salamu za wazee zilikuwa ndefu, wanauliza nyumba, watoto, ng'ombe, na katikati ya maswali yote hayo mwenye shida alikuwa anapata pa kuitajia.

Mitaala yetu ina Vita vya Majimaji, sawa, viwepo. Lakini mwakani nikienda kwenye mazoezi ya kufundisha nataka niingie darasani na kadi ya salamu. Kama nyumbani kwenu kuna hata moja imebaki kwenye sanduku la bibi, tafadhali msiwashie jiko. Nitaifuata mwenyewe, hata kama ni Endabash.