Mpango wa Afya Usio na Dawa

Tunaposimulia historia ya afya katika Uganda, twapenda kuwataja madaktari na mawaziri. Leo nakuomba umtazame mtu wa kazi nyingine: mbunifu wa huduma.

Noerine Kaleeba alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1986 alipata habari kwamba mumewe, Christopher, aliyekuwa masomoni Uingereza, anaugua UKIMWI. Alisafiri, akamkuta akiuguzwa na watu wasiomwogopa. Nyumbani hali ilikuwa nyingine: wagonjwa walinyanyapaliwa hata na jamaa zao. Christopher alirejea Uganda, akafariki Januari 1987.

Jiulize nawe: mpango wa afya usio na dawa utatoa nini? Wakati huo dawa za kufubaza virusi hazikuwa zikipatikana Uganda. Ndilo swali lililomkabili Kaleeba na wenzake. Walikuwa watu 16 tu, wengi wao wakiishi na virusi, walipoanzisha shirika la TASO mwaka huohuo wa 1987. Walianza na walichokuwa nacho: kusikiliza. Wakatoa ushauri nasaha, wakatibu magonjwa nyemelezi, wakawatembelea wagonjwa majumbani na kuzungumza na familia zao. Aliyefika kwao hawakumwita mgonjwa, bali mteja. (Zingatia tofauti hiyo, mwanafunzi wangu: mgonjwa huhurumiwa, lakini mteja ana haki ya kuuliza na kudai.) Wito wao ndio huu tunaousema kwa Kiswahili kuwa kuishi kwa matumaini, na wakati ule wengi waliuona kuwa ni kejeli.

Matawi yakafunguliwa Masaka, Tororo, Mbarara, Jinja na kwingineko. Kaleeba mwenyewe baadaye alikwenda Geneva kufanya kazi katika shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI.

Dawa zilipopatikana kwa wingi miaka ya 2000, njia za kuzifikisha zilikuwa zimekwisha kuzoeleka. Huko Jinja, wahudumu wa TASO walipanda pikipiki kila mwezi, wakawapelekea wateja dawa majumbani na kuwajulia hali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wateja hao waliendelea vizuri sawa na wale waliohudhuria kliniki, ilhali waliowafikia hawakuwa madaktari.