Karakana iliyoungua mara mbili: historia ya tofali la kuchezea

Mudaka, kwenye barabara kuu inayotoka Bukavu kwenda uwanja wa ndege wa Kavumu, watoto hawangoji kununuliwa vitu vya kuchezea. Waya na kopo la samaki vinatoa mutuka. Kambambili iliyokatika inakatwa magurudumu. Udongo wa bondeni unakuwa nyumba yenye vyumba na kiwanja, na kabla ya jua kuzama nyumba hiyo imebomolewa na kujengwa tena.

Katika nchi nyingine, mchezo huu wa kujenga umekuwa sikukuu ya familia. Watu wanakodi jumba kubwa, wanapanga meza, na wazazi na watoto wanakuja kuonyesha miji, madaraja na treni walizojenga kwa matofali madogo ya plastiki ya Lego. Ukiona mapambo yake, unaweza kudhani ni mambo ya watu wasiojua shida. Lakini chanzo chake ni fundi mbao aliyeunguliwa na karakana mara mbili.

Fundi huyo ni Ole Kirk Christiansen, aliyezaliwa mwaka 1891 huko Denmark. Mwaka 1916 alinunua karakana katika kijiji cha Billund. Mwaka 1924, watoto wake wawili walikuwa wakicheza na moto, takataka za mbao zikashika, karakana na nyumba ya familia vikateketea. Akajenga upya. Mwaka 1932 uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, hakuna aliyeagiza milango wala madirisha, na mwaka huohuo mke wake akafariki, akamwachia watoto wanne wa kiume. Ndipo alipoanza kutengeneza vitu vidogo vya mbao, vikiwemo vya kuchezea. Jina Lego alilitoa katika maneno mawili ya Kidenmark, leg godt, maana yake cheza vizuri.

Mwaka 1942, wakati Denmark iko chini ya jeshi la Ujerumani, moto ulikuja tena, ukateketeza kiwanda pamoja na michoro ya kazi. Angeweza kuacha. Alianza tena.

Tofali la plastiki lilikuja mwaka 1949. Wazo halikuwa lake peke yake, kwa sababu Mwingereza Hilary Fisher Page alikuwa ametangulia kuuza matofali yanayofanana na hayo. Yale ya kwanza hayakushikana vizuri, nyumba ya mtoto ilianguka kwa kuguswa kidogo. Dawa ilipatikana mwaka 1958: mirija midogo iliwekwa ndani ya tofali, ili vinundu vya tofali la chini vibanwe. Hati ya ugunduzi iliombwa tarehe 28 Januari 1958. Wiki chache baadaye, mwezi wa tatu, mzee Ole Kirk akafariki. Mwanawe Godtfred, mmoja wa wale wawili waliowasha moto wa 1924, ndiye aliyeendeleza kazi.

Mfyatua matofali yeyote wa Kabare ataelewa siri ya kazi hiyo mara moja: ni kalibu. Kalibu ikiwa moja, tofali la leo linakaa sawa na la jana. Tofali la Lego la mwaka 1958 bado linashikana na la leo. Na matofali sita tu yenye vinundu vinane, ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Mtoto hahitaji gunia zima.

Hata hivyo, Mkongomani asidhani kwamba ufundi huu ni wa Wazungu peke yao. Bodys Isek Kingelez alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, akahamia Kinshasa akiwa kijana. Kwa katoni, karatasi na plastiki za kutupwa, alijenga miji mizima ya mezani. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris. Mwaka 1996 alijenga Ville Fantôme, mji alioufikiria kuwa na amani kiasi kwamba hauhitaji polisi wala daktari. Alifariki mwaka 2015, na mwaka 2018 jumba la makumbusho la MoMA mjini New York likafanya maonyesho makubwa ya miji yake. Alichoanza nacho, mtoto wa Mudaka anacho pia: katoni, gundi na wazo.

Kwa familia zilizohama, hili si jambo la anasa. Kongo, ikiitwa bado Zaire, iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 31 kinasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Hakisemi haki hiyo inakoma vita vikianza. Mwaka 2019 wakfu wa Lego ulitoa dola milioni 100 kwa shirika la IRC, ili watoto wakimbizi Afrika Mashariki wajifunze kwa kucheza. Uganda, ambako Wakongomani wengi wamekimbilia, ni mojawapo ya nchi zilizofikiwa.

Lakini vita vimeleta hatari nyingine. Tangu mapigano yafike Kavumu na Bukavu Februari 2025, mzazi anapaswa kuuliza kila chuma ambacho mtoto anarudi nacho kimetoka wapi. Kopo la samaki na waya wa zamani vinajulikana. Chuma kisichojulikana, hata kikiwa kidogo na kizuri, kinaweza kuwa silaha ambayo haijalipuka. Mtoto asikiguse, asikitupie jiwe. Akiache palepale na aite mtu mzima, naye azuie wengine wasikaribie na kutoa taarifa.

Kwa vitu salama, familia inaweza kufanya sikukuu yake bila jumba wala tiketi. Jumapili moja mchana inatosha: mzazi aketi chini na watoto, katoni na udongo katikati, kila mmoja ajenge, kisha aeleze alichojenga. Mtoto wa wahami akijenga nyumba waliyoiacha, asikatazwe wala asiharakishwe. Asikilizwe hadi mwisho. Akiibomoa pia, aachwe, maana vipande bado viko mikononi mwake, na kesho ataanza tena.