Namba ya rangi ya gari lako: isome kabla hujaenda kununua rangi

Msikilizaji, fenda imebonyea baada ya kugonga mbuzi njiani kati ya Ikungi na Puma. Fundi bodi ameshanyoosha, sasa anataka rangi. Unafika dukani unasema, "Nipe nyeupe ya Toyota." Unapewa. Ikishapulizwa na kukauka, fenda ni nyeupe ya chokaa na mlango ni mweupe wa maziwa. Pesa imekwenda, na siku ukitaka kuuza, mnunuzi atauliza kwanza: "Hili lilianguka wapi?"

Tatizo ni kwamba nyeupe ya Toyota si moja. Ipo 040, inayoonekana kwenye magari mengi madogo. Ipo 058, ya Hiace na Land Cruiser nyingi za kazi. Ipo 070, nyeupe ya lulu, ambayo hupigwa kwa tabaka tatu. Kila moja ina mchanganyiko wake, na kiwanda kiliandika namba yake kwenye gari lenyewe.

Namba iko wapi?

Fungua boneti. Kwenye magari mengi ya zamani kutoka Japani, kuna kibati kidogo kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva. Usipokiona hapo, fungua mlango wa mbele na utazame kwenye nguzo ya mlango, mahali unapofungia.

Kibati hicho kina mambo mengi: aina ya gari, injini, namba ya chesisi. Wewe tafuta neno COLOR, au herufi C/TR kwa Toyota. Sehemu ya kwanza ndiyo rangi ya bodi. Inayofuata ni ya viti na mapambo ya ndani, hiyo haikuhusu. Kwa mfano, Toyota yenye 202 ni nyeusi, na yenye 1E7 ni ya fedha. Nissan yenye QM1 ni nyeupe, na KH3 ni nyeusi.

Usiikariri kichwani. Piga picha kwa simu, karibu na kwa mwanga mzuri, kwa sababu sifuri na herufi O hufanana. Piga picha ya kibati chote, ili na namba ya chesisi ionekane.

Kibati hakisomeki au hakipo

Vumbi na oili ni jambo la kawaida kwetu. Sugua kwa kitambaa, maji na sabuni. Usitumie msasa, utafuta maandishi.

Kama kibati kimeng'oka, yako mambo mawili ya kufanya. Kwanza, mpe muuza vipuri mwenye katalogi ya kampuni namba ya chesisi. Mara nyingi ataweza kuona rangi ya awali. Pili, tafuta karatasi ya mnada wa Japani kama bado unayo, kwani nyingi zina namba ya rangi.

Zile Land Rover 109 za miaka ya 1970 zina shida yake: kibati chake hakina namba ya rangi. Hapo itabidi upeleke sampuli.

Namba peke yake haitoshi

Namba inasema gari lilitoka kiwandani na rangi gani. Haisemi jua la miaka ishirini limeifanya nini. Kwa hiyo fungua kile kifuniko kidogo cha nje cha tangi la mafuta, kifunge kwenye kitambaa, uende nacho dukani pamoja na namba. Mchanganyaji ataanza na namba, kisha atarekebisha mpaka ifanane na kifuniko.

Kabla fundi hajapuliza gari, apulize kwanza kipande cha bati. Kiache kikauke, kiwekeni ubavuni mwa gari, nje, mchana. Rangi mbichi hudanganya, na taa ya gereji hudanganya zaidi. Rangi za metaliki zina ugumu wake. Fundi mzuri huififisha rangi kidogo kidogo kuelekea kwenye mlango wa jirani ili mpaka usionekane.

Ukiwa mnunuzi

Namba hii inakusaidia pia unaponunua gari la mkononi. Kibati kikisema nyeusi na gari ni la fedha, limepakwa upya lote. Huenda hakuna ubaya, lakini uliza sababu, na angalia rangi iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Kama mwenye gari alibadilisha rangi, mabadiliko hayo yanatakiwa yawe yamesajiliwa TRA. Usikubali kurithi usumbufu wa mtu mwingine.

Kwa hiyo kabla hujapanda basi la kwenda Singida mjini, hakikisha una vitu viwili: picha ya kibati kwenye simu na kifuniko cha tangi mfukoni. Ni kazi ya dakika kumi, na inakuokolea kopo zima la rangi.