Mkosaji Aliyevuka Mto: Habari za Sheria na Mipaka

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, twapata habari za miji ya makimbilio. Mtu aliyemwua mwenziwe pasipo kukusudia aliruhusiwa kukimbilia mji mmojawapo, asije akauawa na mwenye kulipiza kisasi cha damu. Lakini aliyemvizia mwenziwe na kumwua kwa chuki, kisha akakimbilia huko huko, hakusalimika. Wazee wa mji wake walituma watu kwenda kumtwaa. Katika amri hiyo fupi mna maswali mawili ambayo mataifa yanayahangaikia mpaka leo. La kwanza: mkosaji akivuka mpaka, je, kosa lake limebaki nyuma, au limevuka pamoja naye? La pili: ni nani mwenye haki ya kumfuata, na kwa njia gani?

Sisi tukaao Lukuledi, Masasi na Newala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mto Ruvuma ndio mpaka wetu na Msumbiji, na kila upande wa mto wako Wamakonde, Wamakua na Wayao, watu wa jamaa moja. Kwa mtoto wa kijijini mto ni maji tu, lakini kwa hakimu ni ukuta. Basi nataka kueleza jinsi sheria ilivyojifunza polepole kuvuka ukuta huo, na hatari iliyomo katika kuvuka kwake.

Zamani, kabla ya ramani, kosa lilikuwa jambo la ukoo. Mtu akiua, ukoo wake wote ulidaiwa. Wazee walikaa barazani wakapatana juu ya fidia, na wasipopatana, vita ilitokea. Mtu aliyehama kwa ajili ya kosa lake akaenda kukaa kwa mkuu mwingine, alikuwa chini ya mkono wa mkuu huyo, na aliyemtaka ilimpasa kwenda kusema naye. Hivyo hata zamani zile kumrudisha mkosaji kulikuwa kazi ya mapatano baina ya wenye mamlaka wawili.

Lakini lilikuwako ovu moja ambalo mabaraza hayo hayakuliweza, nalo ni biashara ya watumwa. Njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa ilipita katika nchi hizi za kusini. David Livingstone alipopanda kutoka Mikindani kwa njia ya Ruvuma mwaka 1866, aliona kwa macho yake maiti za watumwa waliouawa au kuachwa njiani kwa kuwa wameshindwa kutembea. Tufikiri jinsi uovu ule ulivyopangwa. Aliyekamata alikuwa katika nchi moja, aliyenunua katika nchi ya pili, jahazi lilikuwa la mtu wa nchi ya tatu, na shamba alikofanyizwa kazi mtumwa lilikuwa ng'ambo ya bahari. Hapakuwa na mtawala mmoja aliyeweza kuukata mnyororo huo, maana kila mmoja alishika pingili yake tu. Na lililo baya zaidi, katika nchi nyingi za wakati ule biashara hiyo haikuhesabiwa kuwa kosa.

Mwaka 1822 nahodha Mwingereza, Fairfax Moresby, alifanya mapatano na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Unguja. Watu wa Seyyid walikatazwa kuwauzia Wakristo watumwa, ukapigwa na mstari baharini kutoka Rasi Delgado kupita mashariki ya Sokotra mpaka Diu katika Bara Hindi. Jahazi la watu wa Seyyid likikutwa na watumwa upande wa mashariki wa mstari ule, manowari za Kiingereza ziliruhusiwa kulikamata. Wasomaji, Rasi Delgado ni jirani ya kinywa cha Ruvuma. Basi mmojawapo wa mistari ya kwanza iliyowekwa ili kosa lifuatwe nje ya nchi ya mkosaji ulianzia hapa kwetu.

Sheria hiyo ilikuwa dhaifu, maana upande wa magharibi wa mstari biashara iliendelea kama kwanza. Mwaka 1845 yalifanywa mapatano mengine, yakaanza kutumika mwaka 1847, kwamba watumwa wasipelekwe tena Arabuni wala Asia. Lakini kuwachukua baina ya Kilwa na Lamu kuliachwa kuwa halali. Wafanya biashara wakajificha ndani ya ruhusa hiyo. Hata tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mapatano aliyoletewa na Konsuli John Kirk. Soko la watumwa la Unguja likafungwa, na kuwachukua watumwa kwa bahari kukakatazwa kabisa. Ikawaje? Wafanya biashara wakaiacha bahari wakashika nchi kavu, wakawapeleka watumwa kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini. Kwa hiyo mwaka 1876 Seyyid alitoa amri nyingine ya kukataza misafara ya bara pia. Hapo twajifunza jambo la kwanza: uovu hutazama penye ufa, na sheria inayoziba upande mmoja tu huufundisha njia ya kupitia upande wa pili.

Mwaka ule ule wa 1876, Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, wakajenga makao yao mapya chini ya majabali yale tunayoyajua. Kwa hiyo habari hizi kwetu si za vitabu tu, maana Masasi ya misheni ilianza na watu waliookolewa kwa sheria iliyovuka bahari.

Kisha, tarehe 2 Julai 1890, mataifa 17 yalipatana huko Brussels katika nchi ya Ubelgiji kushirikiana kukomesha biashara ya watumwa. Unguja pia ilikuwamo. Kila taifa liliahidi kuweka adhabu katika sheria zake lenyewe, ili mfanya biashara asipate pa kukimbilia. Ni jambo kubwa hilo. Lakini haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Mataifa yale yaliyokaa Brussels kuwatetea Waafrika, mengi yao ndiyo yaliyokuwa yakigawana nchi za Waafrika, na vita juu ya watumwa ikawa hoja mojawapo ya kuzitwaa. Tena utumwa wenyewe haukuondoka siku ile. Unguja sheria iliacha kuutambua mwaka 1897, na katika Tanganyika ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1922.

Ugawaji huo ndio ulioufanya Ruvuma kuwa mpaka. Mwezi wa Desemba 1886 Wajeremani na Wareno walipatana kwamba mto huo uwe kati yao, na wenyeji hawakuulizwa. Haukupita muda mrefu mpaka huo ukamfaa mtu ambaye haukuwekwa kwa ajili yake. Katika uwanda wa Makonde, mahali paitwapo Luagala, alikaa Machemba, mkuu wa Wayao. Alikataa kuwa chini ya Wajeremani, na kwa muda wa karibu miaka 10 aliwasumbua sana. Walipotaka watu wake walipe kodi, alikataa hiyo pia. Mwaka 1899 Wajeremani walileta askari wengi, naye alipoona hawezi kuwazuia, alivuka Ruvuma akaingia katika nchi ya Wareno. Vivyo hivyo baada ya vita vya Maji Maji, Chabruma, mkuu wa Wangoni wa Mshope, alivuka kwenda upande ule, lakini wakuu wengi wa Wangoni waliokamatwa walinyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906.

Vita vile havikutupita. Misheni yetu ya Lukuledi iliteketezwa mwaka 1905, na walioiteketeza tuliwaita waovu. Lakini swali linabaki: Machemba alikuwa mkosaji, au mtu aliyeipigania nchi yake? Wajeremani walimhesabu kuwa mhalifu. Watanzania wa leo huwakumbuka watu kama yeye miongoni mwa watetezi wa nchi. Hapa twajifunza jambo la pili: jina la mkosaji laweza kutolewa na mwenye nguvu tu, na kama sheria ingevuka kila mpaka pasipo kuulizwa, aliyeonewa asingekuwa na mahali pa kuponea chini ya jua.

Kwa sababu hiyo mataifa yalipotunga sheria za kurudishiana wahalifu, yaliweka masharti. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1965, kama sheria za nchi nyingine nyingi, yakataza kumtoa mtu atakiwaye kwa kosa la siasa. Mtu hapelekwi hivi hivi tu. Huletwa kwanza mbele ya hakimu, ushahidi ukatazamwa. Na akipelekwa, hashitakiwi huko kwa jambo jingine lisilotajwa alipoombwa. Ukitazama vema utaona kwamba ni ile miji ya makimbilio, pamoja na wale wazee waliotuma watu kumtwaa mwuaji. Mlango umewekwa, na mlangoni amewekwa wa kuuliza maswali.

Lakini yako makosa makubwa mno ambayo nchi moja haiwezi kuyahukumu peke yake. Mwaka 1994 mauaji ya kimbari yalitokea Rwanda, na wengi wa waliohusika walitawanyika katika nchi mbalimbali. Mwezi wa Novemba mwaka huo Umoja wa Mataifa uliunda mahakama ya kuwahukumu, nayo ikawekwa katika nchi yetu, mjini Arusha. Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Taba, alikamatwa Zambia mwaka 1995, akaletwa Arusha mwaka uliofuata. Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu, alikamatwa Nairobi mwaka 1997, akakiri makosa yake. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu alitiwa hatiani, na ile ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya mataifa kumhukumu mtu kwa mauaji ya kimbari, yaliyokatazwa kwa mapatano ya mataifa tangu Desemba 1948. Mahakama ile ilifungwa mwisho wa mwaka 2015, ikiwa imewashitaki watu 93. Kwa hiyo hata aliyekuwa Waziri Mkuu alijua kwamba cheo si ukuta, na mpaka si ukuta.

Je, sheria ikiwa na haraka ya kuvuka, yaweza kukosa? Naam, yaweza. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka penye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam na Nairobi. Dar es Salaam walikufa watu 11, na Nairobi zaidi ya 200. Mtanzania mmoja aliyehusika alikimbilia Cape Town, akakamatwa huko Oktoba 1999, akatiwa upesi mikononi mwa Wamarekani. Hakika kosa lake lilikuwa la kutisha. Hata hivyo, mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba watumishi wa serikali walivunja sheria kwa kumtoa pasipo kuahidiwa kwanza kwamba hatauawa, maana nchi ile imekataza adhabu ya kifo. Mwisho wake alihukumiwa kifungo cha maisha New York. Majaji wale hawakumhurumia kwa tendo lake, bali walilinda mlango. Kwani siku mlango unapovunjwa kwa ajili ya mtu mbaya, kesho utakuwa wazi hata kwa mtu mwema.

Turudi sasa Ruvuma. Tarehe 12 Mei 2010 lilifunguliwa Daraja la Umoja huko Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720, na nchi mbili zikaunganishwa kwa barabara. Tena Tanzania na Msumbiji zimo katika mapatano ya kurudishiana wahalifu yaliyotiwa sahihi na nchi za kusini mwa Afrika huko Luanda mwaka 2002. Lakini mwezi wa Oktoba 2020 watu wenye silaha kutoka upande wa Cabo Delgado, walikokuwa wakiua na kuchoma vijiji tangu mwaka 2017, walivuka mto wakashambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Mwezi uliofuata wakuu wa polisi wa nchi mbili walikutana wakapatana kufanya kazi pamoja. Mstari wa mwaka 1822 ulianzia Rasi Delgado, na baada ya miaka 198 kazi ile ile ilikuwa mbele yetu mahali pale pale.

Kazi hiyo si ya majaji na polisi peke yao. Mtu akija usiku kutoka ng'ambo, nasi twajua ni mtoto wa dada, moyo wetu huvutwa pande mbili. Tukimficha naye ana damu mikononi, tumewafanyia ubaya wale aliowaliza huko, ambao nao ni ndugu zetu. Tukimpiga mpaka afe kwa kuwa yasemwa tu kwamba ni mwuaji, tumekuwa wenye kisasi wa zamani, tusiotaka kuuliza swali. Na kama ni mkimbizi asiye na kosa, aliyekimbia wale wale wachoma nyumba, kumfukuza ni kumrudisha motoni. Yatupasa kumpokea kwa macho yaliyofumbuka, kuwapa habari wenye mamlaka, na kuiacha hukumu ifanyike mchana mbele ya mashahidi. Hivyo mto utabaki kuwa mpaka wa nchi, usiwe maficho ya mwuaji, wala usiwe kaburi la aliyeonewa.