Wakili wa mtu aliyempiga mkewe

Leo tujikumbushe historia kidogo. Juzi nilikuwa Bagamoyo, barazani, tunakunywa kahawa. Mzee mmoja akanigeukia: "Mwanangu, wewe msomi. Wakili anamteteaje mtu aliyeshtakiwa kumpiga mkewe?"

Zamani utetezi ulikuwa mwepesi: "Nilikuwa namtia adabu." Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, ikaufuta. Hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata mila ikiruhusu.

Lakini kilichofutwa ni kisingizio, siyo haki ya kujitetea. Wakili bado anauliza: PF3 inasemaje? Shahidi aliona au alisimuliwa? Kuthibitisha ni kazi ya anayeshtaki.

Tatizo lilikuwa mahakamani. Kesi ya shambulio huweza kusikilizwa Mahakama ya Mwanzo, na huko Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 ilimzuia wakili kabisa. Mpaka marekebisho ya 2021 ndipo akaruhusiwa, tena pale tu anapoketi hakimu mkazi.

Wengi tunadhani marufuku ile ilimuumiza mshtakiwa peke yake. Fikiria tena. Mshtakiwa asiye na wakili huwahoji mashahidi mwenyewe. Maana yake mama wa watu, majeraha hayajapona, anajibu maswali ya yule yule anayedai kampiga.

Nikamweleza mzee hivyo. Akanyamaza, akamalizia kahawa yake. "Basi bora aulizwe na wakili."

Nawasilisha.